Tuitetee herufi moja

Wapo watu wasio na shukrani wanaodai kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliandikwa kwa lugha ngumu. Ngumu wapi? Anayeweka nyumba rehani anaitwa “mortgagor”. Benki inayoishikilia rehani hiyo inaitwa “mortgagee”. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi amerahisishiwa kiasi hicho, mkiani tu ndipo maneno yanapoachana, na bado anataka aelezwe! Mwenye kupangisha ni “lessor”, aliyepanga ni “lessee”. Yupi ni yupi? Dalali wa mahakama atamfahamisha, bure kabisa, siku ya mnada.

Ona pia ukarimu wa “prescribe” na “proscribe”: herufi moja tu, na jambo lililoelekezwa linakuwa jambo lililopigwa marufuku. Kiswahili, kwa ushamba wake, kina mweka rehani na mpokea rehani, maneno ambayo bibi wa Chamwino huyaelewa papo hapo. Bibi akishaelewa, heshima ya sheria itabaki wapi?

Kwa miaka mingi pale Dodoma wabunge walijadili miswada kwa Kiswahili, kisha wakaipitisha ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, kama mganga anayemhoji mgonjwa kwa Kigogo na kumwandikia dawa kwa Kilatini. Utaratibu mzuri huo ulivurugwa mwaka 2021, Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Ndugu watafsiri wa sheria, tunawasihi: msiwe na haraka. Mikopo bado inaendelea kusainiwa.