Kazi ya Kutofanya Kazi

Kujumlisha kuna 0, kuzidisha kuna 1, kuunganisha matini kuna matini tupu. Ni thamani ambazo zikiingia kwenye hesabu hazimgusi mtu. Katika uprogramu wa kifunksheni, aina ya data yenye tendo shirikishi la kuunganisha pamoja na thamani kimya ya namna hiyo huitwa monoidi. Haskell huiita thamani hiyo mempty, na maktaba ya Cats ya Scala huiita empty. Kwa kuwa namba zina mbili zinazogombea cheo kimoja, Haskell huzivisha sare, Sum au Product, ijulikane nani yuko zamu.

Thamani hizi huhitajika zaidi pale orodha inapokuwa tupu. Jumla ya orodha tupu ni 0, na zao lake ni 1. Anayeanza kuzidisha kwa 0 hugundua upesi kwamba biashara yote imefilisika. Programu ikiulizwa kama wanafunzi wote wa darasa lisilo na mwanafunzi wamefaulu, hujibu ndiyo, na mwalimu mkuu hana budi kupongezwa. Jibu ni sahihi: katika kuunganisha kwa "na", kweli ndiyo isiyobadilisha kitu.

Kutafuta kilicho kikubwa kuna ukorofi wake. Katika JavaScript, Math.max isiyopewa namba hurudisha hasi isiyo na kikomo, na Math.min hurudisha chanya isiyo na kikomo, hivyo kidogo kikawa kikubwa kuliko kikubwa. Kihisabati hakuna kosa, ila ripoti ya siku ambayo duka halikufunguliwa huonyesha mauzo ya kumtia mhasibu homa. Haskell ni mkali zaidi: maximum ya orodha tupu huangusha programu, na sare ya Max huwa monoidi kwa aina zenye mpaka wa chini na wa juu tu. Aina ya Integer haina mipaka hiyo, basi haipewi.

Balaa kubwa ni thamani inayojifanya kimya. Java 8, iliyotoka mwaka 2014, ina reduce inayodai thamani ya kuanzia isiyobadilisha kitu, lakini kompaila haihakiki dai hilo. Mtu mwenye akiba ya 10 huiweka hapo, akajumlisha 1, 2, 3 na 4, akapata 20, akafurahi. Baadaye mwenzake, akitaka kasi, huongeza neno parallel. Kazi ikigawanywa vipande vinne, kila kipande huanza na 10 yake, kama wapishi wanne walioambiwa kila mmoja atie chumvi kwenye sufuria moja, na jibu huwa 50. Mashine ikigawanya kwa namna nyingine, jibu nalo hubadilika, na lawama huenda kwa kompyuta. Fold ya Spark, mfumo wa kuchakata data, nayo huongeza thamani hiyo ya kuanzia mara moja kwa kila kigawanyo, kisha mara moja tena wakati wa kuunganisha matokeo. Kwa vigawanyo vinne, namba zilezile hutoa 60.