Inveta Ikisema 68

Asilimia ya chaji kwenye kioo cha inveta ya sola ni makisio, ingawa huandikwa kwa tarakimu zinazojiamini kama za mita ya maji. Tangi la maji hugongwa ubavuni hadi sauti ibadilike. Mtungi wa gesi hunyanyuliwa ukatikiswa. Betri haina mlango wa namna hiyo. Anayenyanyua ya ampea-saa 200 hupima kiuno chake tu. Kwa hiyo inveta nyingi za majumbani hupima volti, kisha hukadiria kilichobaki.

Tatizo ni kwamba volti husema kidogo mno. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, ikibaki nusu, 12.2, ikifika 11.8 imekwisha. Safari nzima haifiki volti moja. Tena vipimo hivyo ni vya betri iliyopumzika saa kadhaa, haitoi wala haipokei, raha ambayo betri ya nyumba yenye friji na watoto huijua dukani tu, kabla ya kununuliwa. Ikivutwa volti hushuka, ikichajiwa hupanda, na inveta huchukulia kila mshuko kuwa ni njaa na kila mpando kuwa ni shibe.

Chukua nyumba moja ya Kibaha yenye mfumo wa volti 24, usiku wa mechi, umeme umekatika. Kioo kinasoma 68. Baba mwenye nyumba anatangaza kwamba chaji inatosha hadi dakika za nyongeza, hata penalti zikiwepo. Dakika ya 70 mtu jikoni anawasha birika la wati 1,500. Betri zinavutwa ampea zaidi ya 60, volti zinaporomoka, kioo kinasoma 24. Feni zinazimwa, friji inachomolewa, simu ya mgeni inaondolewa kwenye chaji kwa maneno ya adabu sana. Birika linachemka, linajizima lenyewe, na baada ya dakika chache kioo kinasoma 61. Baba anasema kuzima feni kumeokoa jahazi. Feni hazikuokoa kitu; birika ndilo lililoacha kuvuta. Kesho yake saa nne asubuhi, jua likiwa kali, kioo kinasoma 100, na sare za shule za wiki nzima zinaanza kupigwa pasi. Wingu moja linapita: 57. Fundi anaitwa, na lawama zinaangukia betri, ambazo hazijafanya kosa lolote.

Anayetaka namba ya kweli huhesabu badala ya kukisia. Kifaa chake huitwa shanti: kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo unaojulikana, kinachofungwa kwenye waya hasi wa betri. Kwenye shanti ya ampea 500, mkondo huo ukipita huleta tofauti ya milivolti 50. Kimita huisoma, kikajua ampea ngapi zimepita na kwa muda gani. Ni daftari la mkopo la duka la mangi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Nalo huharibika kama daftari la mangi. Pipi ikitoka kwa mlango wa nyuma haiandikwi, na ndivyo inavyokuwa fundi anapounga taa za uani moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri badala ya kuzipitisha kwenye shanti. Taa zinawaka usiku kucha, daftari linasema betri imejaa, na alfajiri inveta inalia kama kifaranga aliyekanyagwa.

Ukubwa wa betri nao huingizwa kwa mkono, na wengi huacha namba iliyokuja na kifaa. Hata namba ya kibandiko ina masharti: 200 kwa kawaida ni ampea 10 kwa saa 20. Ukivuta kwa pupa unapata pungufu, jambo ambalo Mjerumani Wilhelm Peukert alilitolea kanuni mwaka 1897, kabla birika la umeme halijaingia Kibaha. Hesabu husawazishwa betri inapojaa kweli, yaani volti za kuchaji zimefika kikomo na mkondo unaoingia umepungua hadi asilimia chache za ukubwa wake. Masika betri inaweza kukaa majuma bila kufika hapo, na makosa madogo ya kila siku yanalimbikizana.

Kwa betri nyingi za lithiamu za sola, kukisia kwa volti ni kupoteza muda: kati ya asilimia 30 na 70 kila seli husimama karibu na volti 3.3, kama haijui kinachoendelea. Betri hizo nyingi zina kompyuta yake ndani inayohesabu, na inveta huipata hesabu hiyo kwa waya wa mawasiliano. Waya wenyewe unafanana na wa intaneti, lakini mpangilio wa nyuzi zake hutofautiana. Ukichomeka wowote uliookotwa kwenye droo, inveta hairipoti aibu, inarudia kukisia kimyakimya.

Asiye na shanti wala lithiamu azime kila kitu usiku, asubiri saa kadhaa, apime kwa multimita kabla jua halijachomoza. Betri yenye vifuniko vya maji hupimwa pia kwa haidromita: karibu 1.265 imejaa. Na siku ya mechi, chai ichemshwe kwa gesi, baada ya kutikisa mtungi.