Shahidi Pekee

Miongoni mwa kazi ambazo mja hukabidhiwa bila ya kuziomba, na ambazo hazina ujira wala shukrani, sijaona iliyo nzito kuliko kuwasimulia watu wa nyumbani mwako sehemu ya mchezo wa televisheni ambayo wewe umeiona na wao hawakuiona. Maana shahidi wa mahakamani, hata akibanwa na mawakili wawili, ana hakimu wa kumkinga, ilhali shahidi wa televisheni huketishwa mkekani katikati ya jamaa zake, akasailiwa na kila mwenye kinywa, na hakimu ni bibi yake mzaa mama, ambaye aghalabu huwa amekwisha kukata hukumu kabla ushahidi haujaanza.

Mchezo wenyewe ni ule wa Kimarekani uitwao Star Trek, ulioasisiwa na Gene Roddenberry na kuonyeshwa kwao kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1966 hata 1969, wenye sehemu 79, ambazo mpwa wangu alituletea zote ndani ya flashi isiyozidi kidole gumba. Nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, ilikuwa ikiutazama kila baada ya sala ya isha, usiku mmoja sehemu moja, kwa amri ya Mjomba, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu na haamini kwamba jambo lolote lenye manufaa laweza kutendeka bila ratiba. Basi usiku wa kesha la harusi ya binti wa jirani nyumba nzima ilihamia huko, nami nikaachwa na mafua yangu, na televisheni, na ratiba. Nikaitazama sehemu ya usiku ule kama ilivyopangwa, nikalala. Asubuhi, kabla kahawa haijachemka, mpwa wangu alikuwa amekwisha kuifuta flashi yote ili apate nafasi ya kutia taarabu za harusini. Na kwa kuwa kijana huyu hafanyi kazi kwa ukamilifu ila ile asiyotumwa, hakubakiza hata dakika moja.

Hivyo ndivyo nilivyopata kuwa mtu pekee katika ukoo wetu aliyeiona sehemu iitwayo The Changeling, iliyoandikwa na John Meredyth Lucas na kuonyeshwa Marekani tarehe 29 Septemba 1967. Na baada ya isha nikaitwa kuieleza.

Najua wako watu walioruzukiwa kipaji cha kazi hii. Nani katika Tanzania aliyepata kuketi katika kibanda cha video asimjue Lufufu, aliyeichukua filamu ya kigeni akaisimulia kwa Kiswahili huku yenyewe ikiendelea, hata watu wakaipenda sauti yake kuliko risasi za wenye filamu? Na ndugu zetu wa Kenya wanaye DJ Afro wao. Lakini mabwana hawa wana picha mbele ya hadhira, na hadhira yao imetoa kiingilio, na mtu aliyetoa kiingilio hapendi kelele. Mimi sikuwa na picha, na hadhira yangu ndiyo iliyonilea.

Nikaanza kwa bismillahi. Nikasema kwamba merikebu ya angani iitwayo Enterprise, chini ya Nahodha Kirk, ilifika katika sayari za watu waitwao Wamaluria, ikabisha hodi kwa mitambo yake, isijibiwe. Walipochunguza wakakuta nafsi bilioni 4 zimefutika, haikusalia hata moja. Nilidhani hapo hadhira itashusha pumzi na kuomba niendelee. Shangazi, ambaye hasikii habari ya msiba ila huuliza maziko, akatoa innalillahi, kisha akataka kujua ni nani aliyewazika. Nikamwambia hakubaki mtu wa kuzika. Akasema basi hadithi haiwezi kuendelea maiti bilioni 4 wakiwa wazi, na ilinibidi kumwapia kwamba hapakuwa na maiti hata mmoja, ni watu waliotoweka tu, jambo ambalo sina yakini nalo mpaka leo, lakini lilituvusha.

Mara, nikasema, Enterprise ikapigwa kwa mwale wa nguvu ambao Spock, naibu wa nahodha, aliukadiria kuwa sawa na makombora yao 90 kwa pigo moja. Wakajibu kwa kombora lao, likamezwa kama halikurushwa. Na walipomtafuta adui huyu, wakakuta ni kijitambo kilichozidi mita moja kidogo tu kwa urefu. Mjomba akaomba nimwonyeshe kimo hicho. Nikaunyosha mkono juu ya sakafu. Akautazama kwa makini, akasema hicho ni kimo cha jokofu dogo. Na tangu dakika ile, nikisema na kurudia kwamba jina lake ni Nomad, mharibifu wa walimwengu aliitwa Jokofu nyumbani kwetu, na ndivyo aitwavyo.

Nikaeleza namna Kirk alivyokiita chombo kile kwa redio na kujitaja jina, kikaacha kupiga papo hapo, kikakubali kupandishwa merikebuni, na kufika tu kikamwita Kirk Muumba wake. Kumbe aliyekiunda ni mtaalamu mmoja aitwaye Jackson Roykirk, na chombo kilidhani Kirk ndiye. Kilirushwa kutoka duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiende kutafuta viumbe hai katika nyota.

“Miaka ya 2000?” akasema Mjomba, akavaa miwani.

Nikamjibu kwamba ndivyo.

“Miaka ya 2000 mimi nilikuwa Muheza nikisomesha. Redio sikuizima. Hakikurushwa.”

Nikamweleza kwa adabu kwamba mwandishi aliandika mwaka 1967, na kwake yeye miaka hiyo ilikuwa bado haijaja, akajikadiria mambo yatakavyokuwa. Mjomba akasema, “Basi alikosea,” akatoa daftari mfukoni, akaandika. Sikujua wakati ule kwamba daftari lile lilikuwa na kurasa mbili, moja ya makosa ya mwandishi na moja ya kwangu.

Nikaja mahali nilipokuwa nikipaogopa tangu asubuhi, maana hata mimi niliyepaona kwa macho nilipaelewa kwa taabu. Chombo kile kilipokuwa safarini kilipigwa na jiwe la angani kikajeruhiwa, kikapotea njia. Huko kilikopotea kikakutana na chombo kingine, Tan Ru, cha watu wengine kabisa, kilichotumwa kwenda kuchota udongo wa sayari na kuusafisha usibaki na uhai wowote. Vyombo viwili hivi, kila kimoja kikiwa kibovu kwa namna yake, vikatengenezana hata vikawa kimoja, na amri zao mbili zikachanganyika zikawa amri moja isiyokuwa na mwenyewe, ya kumtafuta kila kiumbe asiyekamilika na kumfuta. Niliyasema haya kwa kirefu, nikayarudia kwa kifupi, nikatumia vikombe viwili vya kahawa na kijiko, na nilipoinua macho nikaona nyuso za watu wanaonihurumia.

Hapo Bibi, aliyekuwa kimya akichambua mchele wa kesho, akasema bila ya kuinua kichwa: “Kimepagawa.”

Sharti nieleze kwamba Bibi ndiye aliyekuwa mfuasi wa dhati wa mchezo huu, kwa sababu ya Spock. Siku ya kwanza alipoyaona masikio yale yaliyochongoka alimtambua kuwa ni jini. Ila alipomwona hacheki, hasemi uongo, hana tamaa na mkono wake ni safi, akaridhika kwamba ni rohani, yaani jini mwema mwenye dini yake, na akawa anatukataza kumsema vibaya. Sasa akatufafanulia kwamba mtu akitumwa safari peke yake, akapita pasipopitwa, akaanguka, hurudi na mwingine ndani yake. Sura utaiona ile ile, lakini sauti si yake na haja zake si zake. Na dawa si kumpiga makombora, dawa ni kumwita mganga amwulize aliyempanda jina lake na atakacho.

Nami nikashikwa na butwaa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyofuata. Spock alikiwekea chombo kile vidole vyake, akafumba macho, akaanza kunena kwa kauli isiyo yake, akimtaja Nomad, akimtaja Tan Ru, mpaka pepo akataka kumbakisha mganga, na Kirk akalazimika kukiamuru chombo kimwachie. Baada ya hapo ndipo Nahodha alipokumbuka hekaya ya kale, ya mtoto wa binadamu anayeibwa na majini nao wakaweka wa kwao mahali pake, na hekaya hiyo ndiyo iliyoipa sehemu ile jina. Ikawa Nahodha Kirk, mwenye merikebu nzima ya wataalamu, alifika baada ya nusu saa mahali ambapo Bibi alifika akiwa na ungo wa mchele. Nilipomwambia hivyo hakuona fahari. Aliuliza tu kama mganga alilipwa.

Kulikuwako lakini bibie mmoja katika merikebu ile, Uhura, afisa wa mawasiliano, ambaye wanawake wa nyumba yetu walikuwa wamemfanya ndugu; na jina lake, kwa mujibu wa walioutunga mchezo, limetokana na neno letu uhuru. Aliyemwigiza, Nichelle Nichols, alisimulia mwenyewe jinsi alivyotaka kuuacha mchezo, akasihiwa na Martin Luther King Jr. asiuache, na jambo hilo mke wangu hulitaja kila ninapolalamika kwamba televisheni inapita wakati wake. Basi Uhura alikuwa kazini akijiimbia taratibu, chombo kikamsikia, kikataka kujua wimbo ni nini na una faida gani, na kwa kutoelewa kikamwelekezea mwale, kikaifuta akili yake yote aliyoipata tangu kuzaliwa. Wanawake wote wakamgeukia mpwa wangu na flashi yake, naye akatoka kwenda kuangalia mlango.

Mhandisi Scott aliruka kumtetea, akarushwa ukutani, akafa. Shangazi akashika tama. Nikaendelea kwamba chombo kile, kilipoambiwa na Muumba wake kwamba mhandisi anahitajiwa, kilimtengeneza, akaamka. Shangazi akaniomba, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka na misiba yangu, nisiwe nafisha watu kabla sijahakikisha kama wamekufa.

Uhura hakuweza kutengenezwa namna hiyo. Ilibidi asomeshwe upya. Muuguzi Chapel alikaa naye na kitabu cha watoto wanaoanza kusoma, akitamka herufi kwa herufi kama sisi sote tulivyotamka. Na alipokwama, kwa ghadhabu yake, akafoka kwa Kiswahili.

Laiti ningaliliruka jambo hilo! Ghasia iliyozuka siwezi kuieleza. Kiswahili? Kiswahili cha wapi? Amesema nini? Na hapo, wallahi, hapo ndipo harusi ya jirani ilipofikia kupokea bibi harusi, na vigelegele na vipaza sauti vyao vikameza maneno yake yote, nikaona midomo ikitembea tu. Mke wangu akanitazama kwa muda, kisha akasema kwamba nilikaa na televisheni usiku mzima nikisikia Kiingereza cha majokofu, na jambo moja lililosemwa kwa lugha yetu ndilo lililonipita. Shangazi akadai lazima aliomba maji. Mwingine akasema alimwita mamaye. Na Bibi akakata shauri kwamba alisema Kimtang'ata, kwa kuwa mtu akihamaki hurejea kwao, na kwao Bibi ni Tongoni.

Nilipoeleza kwamba Daktari McCoy alitumaini kumrudisha kazini baada ya wiki moja, akisoma tena kwa kiwango cha chuo, Mjomba alivua miwani kwa uchungu wa dhahiri. Alisema yeye amesomesha darasa la kwanza tangu hajaota mvi, na kwamba wiki moja haitoshi hata kuwafundisha watoto kukaa. Ukurasa wa mwandishi ukaongezeka mstari.

Mwisho wenyewe niliuharakisha. Kirk alikiambia chombo kile kwamba kila chenye kosa sharti kifutwe, kikakubali. Kisha akakionyesha kwamba aliyekiunda ni Roykirk naye ni Kirk, kwa hiyo kimekosea. Kwamba hakikugundua kosa lake, na hilo ni la pili. Na kwamba kwa kutojifuta kimekosa la tatu. Chombo kikababaika, sauti ikakipanda, wakawahi kukirusha nje ya merikebu kikapasuka huko huko. Na nahodha akafanya mzaha kwamba amempoteza mwana ambaye angekuwa tabibu hodari. Mjomba alifurahi kupita kiasi. Ndiyo njia yenyewe, alisema, unamwekea mtu makosa yake mbele yake, moja, mbili, tatu. Akafungua ukurasa wangu, akaanza kusoma. Nikamjibu kwamba yote hayo ni ya John Meredyth Lucas, aandikiwe yeye, nikaenda kulala.

Siku zilipopita nilikwenda kijiweni kunywa kahawa, nikamkuta mzee mmoja nisiyemjua vema akiwasimulia wenzake habari ya mwanamke wa Tongoni aliyekuwa akifanya kazi katika merikebu, akapigwa na jokofu lililopagawa hata akasahau kila kitu ila Kimtang'ata, mpaka alipoletwa mwalimu mmoja wa zamani wa Muheza, aliyelihoji jokofu makosa yake kwa daftari hata likapasuka. Nikaingilia kati nikasema kwamba samahani, mzee wangu, haikuwa hivyo.

“Kwani wewe uliona?” akaniuliza.

Nikasema niliona kwa macho yangu mawili.

“Basi kama uliona,” akasema, akinisogezea kashata, “nyamaza wasiokuwako wasikie.”