Zima, Washa

Ukitaka kujua una ndugu wangapi mjini, nunua printa. Watu ambao hawajakupigia simu tangu msiba wa mwaka juzi watakukumbuka ghafla, huyu ana CV, yule ana barua ya serikali ya mtaa, mwingine mtihani wa majaribio wa mtoto. Hakuna anayekuja na karatasi. Inaeleweka tu kwamba mwenye printa amepanda rimu uani na zinastawi.

Mimi nilinunua ya leza, nyeusi na nyeupe, iliyotumika ofisini huko Ulaya ikachoka, ikashuka na kontena. Muuzaji aliisifu kwamba printa ya wino ikikaa muda bila kazi hukauka, lakini ya leza haina wino wa kukauka. Katika hilo alisema kweli. Tona ni unga wa plastiki. Leza inachora ukurasa juu ya silinda iliyochajiwa umeme, unga unanasa palipochorwa, unahamia kwenye karatasi, kisha karatasi inapita kati ya roli mbili zenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, unga unayeyuka na kushika. Muuzaji hakusema kwamba ili kupata joto hilo mashine huvuta umeme mwingi, na zile kubwa hukaribia pasi. Yangu ikianza kupasha roli, taa za sebuleni zinafifia, na jirani tunayechangia naye LUKU anagonga ukuta.

Hayo niliyazoea. Nilizoea hata ubishi wake wa karatasi: hati ikitengenezwa kwa vipimo vya Kimarekani vya Letter, milimita 216 kwa 279, inaikataa A4 yetu ya 210 kwa 297 na kudai karatasi isiyouzwa duka lolote ninalolijua. Unabembeleza, unabonyeza kitufe, inakubali kwa shingo upande. Kilichonishinda ni kufa.

Inawaka vizuri. Inanguruma, inapasha roli, taa zinafifia, jirani anagonga, skrini yake ndogo inasema iko tayari. Kisha, bila kugusa karatasi, inaganda na kuandika mstari wa namba na herufi ambao hata mganga hausomi, na chini yake maagizo: zima, halafu washa. Unazima. Unawasha. Inanguruma, taa zinafifia, jirani anagonga, iko tayari, imekufa.

Na ushauri ninaopewa na binadamu hauna tofauti na wa mashine. Mke wangu: umejaribu kuizima na kuiwasha? Shemeji yangu, ambaye alikuja kutusalimia wakati wa Pasaka na bado anatusalimia: shem, izime, uiwashe. Mlinzi wa nyumba ya jirani, aliyesikia habari hizi kupitia ukuta ule ule, alinisimamisha getini akaniuliza kama nimeizima kwanza.

Fundi alikuja na bisibisi na majivuno. Akaifungua, akapuliza, akanusa. "Bosi, hii bodi." Kwa fundi huyu kila kitu ni bodi. Friji yetu ilikuwa bodi. Feni, ambayo ndani yake hamna bodi yoyote, ilikuwa bodi. Na bei ya bodi ilizidi bei ya printa nzima, kwa sababu, alivyosema, bodi hizi haziji tena. Nikampa nauli.

Watu wanasahau kwamba printa ya leza ni kompyuta kamili. Apple ilipotoa LaserWriter mwaka 1985, ubongo wa printa ile ulikwenda kasi kuliko ubongo wa Macintosh iliyokuwa ikiipa amri. Sababu ni kwamba laptopu mara nyingi haitumi picha ya ukurasa, inatuma maelezo. Hapa weka herufi, hapa vuta mstari, hapa chora ua, na ua lenyewe lionekane nusu, lisionekane nusu. Printa inayasoma na kuchora yenyewe, na ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 600 kwa inchi ni nukta karibu milioni 35. Maelezo yakija yamevurugika, au kumbukumbu yake ikijaa kabla ua halijaisha, mashine inapotewa na akili. Hati moja inatosha.

Kwetu hati hiyo ilikuwa kadi ya mchango wa harusi.

Mwenyekiti wa kamati ni mjomba wa mke wangu, mzee ambaye simkatalii kitu kwa sababu zinazojulikana na kila aliyewahi kutoa mahari kwa awamu. Kadi ilibuniwa na kijana fulani kwenye simu. Ina maua ya dhahabu yanayopenya ndani ya maua mengine ya dhahabu. Nyuma, picha ya maharusi imefifishwa wakawa wanaonekana mizimu. Mbele, pete mbili zenye mng'aro, na kila pete ina kivuli, na kivuli nacho kina mng'aro. Chini, namba za kutuma mchango za mitandao yote nchini, asije mtu akasema hakuwa na laini. Ukurasa mmoja tu. Nina hakika printa yangu ilikuwa ikifika kwenye kivuli cha pete ya bibi harusi inakata roho.

Tatizo ni kwamba ikifa, kadi haifi nayo. Kadi inabaki kwenye foleni ndani ya laptopu, inasubiri kwa uaminifu. Printa ikifufuka tu, laptopu inaiona, inafurahi, inaitumia kadi ile ile. Kwa hiyo zima-washa ya watu wote wale, pamoja na mlinzi, ilikuwa ni kumwamsha mgonjwa ili anyweshwe tena sumu iliyomzimisha.

Nikaingia kwenye foleni, nikabonyeza kufuta. Laptopu ikaandika kwamba inafuta. Ikafuta tukila mchana. Ikafuta tukiosha vyombo. Sijui kitu kingine duniani kinachofutwa kwa muda mrefu hivyo na bado kipo, labda deni la duka la mangi. Mwishowe nikaisimamisha ile huduma inayoendesha foleni ya kuchapa, nikafungua folda ya spool inamojificha kadi, nikafuta mafaili kwa mkono, nikairudisha huduma kazini. Foleni nyeupe. Nikawasha printa. Ikanguruma, ikasema iko tayari. Nikavuta kiti nikaketi.

Ikafa.

"Baba," akasema kijana wangu wa kidato cha tatu, "na mimi niliituma kwangu. Nilidhani laptopu yako ndiyo mbovu." Mke wangu alikuwa ameituma kwa simu, kwa nia njema. Shemeji, kutoka kwenye laptopu yake pale barazani, alikuwa ametuma nakala hamsini. Nikamuuliza hamsini za nini. Akasema, ili ikikubali ikubali zote. Wote tuko Wi-Fi moja. Nilipofuta sumu kwangu, printa ilikuwa na nyumba nzima nyuma yangu, imepanga mstari.

Hasira ya printa haikuanzia kwangu. Mnamo 1980 hivi, pale MIT Marekani, Richard Stallman alikuwa na printa ya leza kutoka Xerox iliyokwama karatasi kila mara. Alitaka kuiongezea programu ya kuwaarifu watu kwamba imekwama, kama alivyokwisha kufanya kwenye printa ya zamani. Safari hii msimbo wake haukutolewa, na alipomwendea mtu aliyekuwa nao, akanyimwa. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, na sehemu kubwa ya programu huria tunazotumia leo ina asili yake katika chuki ile. Namheshimu. Lakini yeye alikuwa na tatizo la karatasi tu. Hakuwa na shemeji.

Nikachomoa ruta. Nikaiacha printa bila waya wala Wi-Fi, nikaiamuru kwa vitufe vyake yenyewe itoe ukurasa wa majaribio. Ukatoka wa moto, mweusi tii, mistari imenyooka. Bodi nzima, na salamu kwa fundi. Kisha nikadai vifaa vyote vije mezani, nikafuta kadi kwenye kimoja baada ya kingine, shemeji akinilaumu kwamba naharibu mali ya kamati.

Kwenye kisomaji cha PDF, ndani kabisa ya mipangilio ya ziada ambako watu waungwana hawafiki, kuna kisanduku cha kuchapa kama picha. Ukikitia tiki, laptopu inahangaika na maua, mizimu na vivuli yenyewe, printa inapokea nukta zilizokwisha kupangwa. Haina cha kufikiri. Nikatia tiki, nikarudisha ruta, nikatuma. Taa zikafifia, jirani akagonga, kadi ikatoka, na nyingine, na nyingine. Shemeji akazibeba zote kwa mzee, akitembea kifua mbele, utadhani amezichapa yeye.

Jioni mzee akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Kadi nimeziona. Mbona maua yamekuwa ya majivu?"

Nikamweleza kwamba printa haina rangi. Akasema ningewaambia mapema, kwa kuwa sasa wamezipeleka steshenari ya pale stendi na zinatoka na dhahabu yake, hata hizo hamsini za kwangu wamewapa watoto wachoree nyuma. Ila nisivunjike moyo. Kuna ratiba ya sherehe, pamoja na majina ya kamati zote ndogo, kila ukurasa una yale maua kwa nyuma, na hiyo hata ikiwa ya majivu si neno. Anaituma sasa hivi.

Nikamwambia umeme umekatika.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza hiyo taarifa ya habari anayoisikia hapo kwangu inasomwa na nani.