Sifa za Toleo la 7

Kipya husifiwa na wengi kwa sababu hakijapata nafasi ya kumwudhi mtu. Mimi nalisifu toleo la 7 la Flash Player (programu iliyochezesha michoro hai kwenye tovuti), zao la mwaka 2003, lililokalia kompyuta za saiba za Thika na Ruiru wakati walimwengu wakihamia la 8 na la 9.

Fundi wa tovuti alipomaliza kazi yake, Flash ilimpa orodha achague: ichapishwe kwa toleo lipi? Hapo tabia ya mtu ilijulikana. Mwenye makuu alichagua la 9, la mwaka 2006, akampigia mteja simu aende kujionea. Mteja akaingia saiba karibu na stendi ya Thika, akaketi, akakuta mstatili mtupu na ombi la kupakua toleo jipya.

Kupakua je? Dakika zinahesabiwa. Kusakinisha kunadai paswadi, paswadi anayo mwenye saiba, na mwenye saiba ameshuka Nairobi kununua wino wa printa. Hata akirudi na kukubali, mashine zake zinalindwa na programu ya Deep Freeze: kompyuta ikizimwa na kuwashwa, kila kilichoongezwa kinafutika, na toleo la 7 liko kitini tena. Nionyesheni mtawala mwingine aliyepinduliwa jioni akaamka madarakani asubuhi, bila hata kuita polisi.

Na busara lilikuwa nayo! Vivuli na ukungu viliingia Flash kwa toleo la 8, mwaka 2005. Basi muuza ploti wa Ruiru alipotaka jina la kampuni yake litokeze polepole kutoka ukunguni, likiwa na kivuli chake, nilikuwa na jibu.

"Fundi, mbona jina halina ukungu?"

"Mzee, saiba za hapa ni toleo la 7."

Akanyamaza, na mnunuzi akaona bei na namba ya simu mara moja. Ukungu ukabaki kwenye hati ya shamba, mahali pake pa jadi.

Adobe, iliyoinunua Macromedia, watengenezaji wa Flash, mwaka huohuo wa 2005, ilikuwa na takwimu za kuonyesha kwamba matoleo mapya yameenea karibu kila kompyuta. Walipima masoko kama Marekani, Ujerumani na Japani. Barabara ya Thika haifiki huko.

Aprili 2010 Steve Jobs aliandika barua ndefu kueleza kwa nini iPhone haitaipokea Flash. Opera Mini, kwenye simu ndogo za abiria wa matatu, ilikuwa ikiikataa bila barua yoyote: ukurasa ulibanwa kwenye seva za mbali, ukaja maandishi na vijipicha. Novemba 2012 barabara kuu ya Thika ikazinduliwa, pana ajabu, na fundi akawa anafika kwa mteja upesi zaidi kuomba radhi.

Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020. Mwezi uliofuata mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini, SARS, ilitoa kivinjari chake yenyewe ili fomu zake za Flash ziendelee kujazwa. Huo ndio uaminifu kwa marehemu. Sisi wa Thika na Ruiru, tuliokula kwa mgongo wake miaka yote hiyo, hatukulichangia toleo la 7 hata tangazo la kifo gazetini.