Namna ya Kuogelea Ukiwa Mtu wa Kariakoo

Kwanza kabisa, usiulize kama maji ni ya baridi. Swali hilo waachie watu wa Ulaya, ambao ziwa lao likifika nyuzi 18 wanaitana na kuvua mashati. Bahari ya Dar es Salaam haijawahi kumgandisha mtu. Mwezi wa nane, ikiwa imepoa kuliko wakati wowote wa mwaka, maji ya juu huwa kwenye nyuzi 25 hivi. Machi, kaskazi ikielekea kuisha, yanapanda hadi 29. Tofauti ya bei ya chini na bei ya juu ni nyuzi nne tu. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo hafungi duka kwa punguzo dogo namna hiyo.

Lakini utaratibu ni utaratibu, na mtu wa Kariakoo husikia baridi kwa kalenda. Ikifika Julai, kusi inavuma, usiku joto linashuka hadi nyuzi 18 au 19, makoti yanatundikwa kuanzia Kongo hadi Narung'ombe, na mtu aliyezaliwa Mtaa wa Sikukuu anavaa mzula kwenda kununua maandazi. Anayemuuzia koti ni Mkinga wa Makete, ambako mwezi huohuo nyasi huamka na sakitu. Yeye amekaa dukani na singlendi, anapokea hela, hasemi neno. Sasa sikia jambo ambalo hakuna atakayekuamini ukilisimulia: alfajiri ya Julai bahari ina joto kuliko hewa unayovuta. Unayemwona anatetemeka ni yule aliyetoka majini. Dawa yake ni kurudi ndani.

Tuje kwenye vifaa. Boya usinunue moja, bei ya rejareja ni aibu kwa mtu wa mjini. Nunua dazeni, moja lako, mengine utayasukuma Desemba. Nguo ya kuogelea utaipata Mchikichini kwenye mitumba, ukiamka mapema kabla bunda halijachambuliwa. Ikishapatikana, iache kabatini, maana ukifika Coco Beach utakuta kila mtu kaingia na alichokuja nacho: kaka na jinzi, dada na dera. Dera lina mchezo wake. Likigusa maji linavimba hewa pande zote na kumwelesha mwenyewe, naye anaamini kipaji kimemshukia. Baada ya muda hewa inatoka, kitambaa kinajisokota miguuni na kuwa kizito, na mwalimu wa kuogelea aliyejitokeza ghafla anatoweka ghafla. Hapo lile dazeni la maboya liko wapi? Liko dukani, linasubiri mteja.

Kama nauli ya Coco ni mtihani, subiri masika. Bwawa litakufuata mwenyewe. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unakusanya maji ya sehemu kubwa ya jiji, kisha unapumzika Jangwani, chini kidogo tu ya Kariakoo. Mvua ikikolea, Barabara ya Morogoro inafungwa, na mabasi ya mwendokasi, ambayo karakana yake ilijengwa humohumo bondeni, yaliwahi kupata mafunzo ya kuogelea mapema kuliko sisi. Joto la maji: vuguvugu. Rangi: chai ya maziwa. Kina: utakijua ukishakifikia. Kiingilio hakuna.

Kwa hili kejeli nazisogeza pembeni kidogo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 katika jiji hili, na maji ya Jangwani yanapita vyooni kabla ya kufika magotini pako. Mtoto akitaka kuyachezea, mfungie ndani akununie.

Usidhani pia kwamba ukikimbilia ufukweni umeyakwepa. Msimbazi unaingia baharini pale Selander, kati ya Upanga na Oysterbay, jirani kabisa na Coco. Mfuko ulioutupa kwenye mtaro wa Mtaa wa Aggrey unaweza kukutangulia kuogelea, na haukulipa nauli. Baada ya mvua kubwa ipe bahari siku kadhaa ijisafishe.

Hapo ndipo shemeji wa Mwanza anapodakia. Kwao, anasema, maji ni yaleyale mwaka mzima, hayajai wala hayapwi, na hayana chumvi ya kukuchoma macho. Kweli kabisa. Ziwa Victoria lina joto la kutosha mwezi wowote utakaoutaja. Lina pia konokono wa kichocho, na sehemu nyingine mamba, ambaye haangalii msimu. Mpe shemeji soda, mwendelee na mazungumzo mengine.

Kwetu ni bahari, na bahari haina shida ya joto. Ina shida ya saa. Idd el-Fitr haiji mpaka mwezi uandame, na mwezi ukiandama ndizo siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida. Hapa Dar tofauti yake inapita mita 3. Yaani sikukuu ambayo mji mzima unashuka ufukweni imeangukia siku ambazo bahari nayo ina safari zake ndefu. Siku hizo maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Linganisha na ratiba ya nyumbani: sala, pilau, watoto kuvalishwa, kugombea daladala. Mnafika Coco saa kumi, maji yamejaa, mawe yaliyokuwa wazi asubuhi yamefichwa chini. Saa kumi na moja maji yanageuka na kuanza kutoka, na ndiyo saa watoto wamekwisha pata ujasiri na vijana wanakodisha mipira ya matairi. Mtu aliyekaa juu ya tairi wakati maji yanatoka haogelei. Anasafirishwa.

Idd el-Hajj ni afadhali. Inaangukia siku ya kumi ya mwezi, karibu na maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo. Ila siku hizo saa kumi jioni maji yako njiani kupwa, kwa hiyo ukichelewa utaogelea mpaka kwenye vifundo vya miguu. Piga picha, kula mihogo ya Coco, rudi mjini.

Jedwali la maji hutolewa na Mamlaka ya Bandari, na muuza samaki yeyote wa Feri analijua bila kulisoma. Sikiliza na utabiri wa hali ya hewa: wakitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hawazungumzi na wavuvi peke yao. Kabla hujapakua sahani ya pili ya pilau, uliza maji yanageuka saa ngapi. Na mtoto asiyejua kuogelea asipelekwe pale maji yanapompita kiuno, awe na tairi au hana.