Namna ya Kumwandalia Tembo Karamu: Mwongozo kwa Mkulima wa Simiyu

Marekani kuna watu wanaolima ili wanyama wale. Mwindaji wa huko hutenga ekari moja au mbili pembezoni mwa msitu, akapanda klova, soya, mahindi au tanipu, kisha akasubiri kulungu wa kwao, wale wenye mkia mweupe, watoke kula msimu wa kuwinda unapofunguliwa. Mbegu zenyewe zinauzwa kwa mfuko, na vitabu vimeandikwa kueleza udongo gani unafaa, mwezi gani upande, na shamba likae wapi ili upepo usimpelekee mnyama harufu ya mtu.

Simiyu hatuna kulungu hao, na hakuna anayelima kwa nia hiyo. Lakini mkulima wa Bariadi, Itilima, Meatu au Busega ambaye shamba lake linatazamana na Pori la Akiba Maswa au Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huvuta wanyama kuliko mwindaji yeyote wa Marekani. Hupanda mahindi ale yeye na wanawe, akala tembo. Ndiyo maana nimeuandika mwongozo huu kwa mtindo wa vitabu vile: upande nini, wapi na lini ili mnyama aje. Kila agizo lililomo ni la kweli, na atakayelifuata atapata wageni. Asiyewataka aligeuze kila agizo juu chini, kwa sababu huyo ndiye niliyemkusudia.

Kwanza umjue mgeni. Tembo mzima hula kama kilo 150 za majani, magome na matunda kwa siku, na hunywa zaidi ya lita 100 za maji. Kundi la kumi ni tani moja na nusu kila siku. Mlango wake wa kwanza wa kujua dunia ni pua: mwaka 2014 wanasayansi waliohesabu vinasaba vya kunusa walimkuta tembo wa Afrika ana karibu 2,000, zaidi ya mara mbili ya mbwa, na vingi kuliko mnyama yeyote waliyemlinganisha naye. Hahitaji kuliona shamba lako. Mahindi yakianza kutoa mbelewele na tikiti likianza kuiva, habari humfikia akiwa bado porini.

Idadi yake nayo imepanda. Katika miaka ya 1980 majangili walimmaliza Serengeti hadi wakabaki mamia tu. Mwaka 1989 serikali iliendesha Operesheni Uhai, na mwaka huo huo mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Sensa ya 2014 ilihesabu zaidi ya tembo 7,000 katika ikolojia ya Serengeti na Mara. Ni ushindi mkubwa wa nchi hii, nami naufurahia kwa moyo wote. Upande wa pili wa mpaka watu nao waliongezeka. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 ulikuwa na watu kama milioni 1.6, sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 2.1. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Sasa chagua mahali. Shamba la kumvuta tembo liwe mpakani, mahindi yaanzie pale nyasi za pori zinapoishia, pasibaki hata ukanda wa malisho katikati. Likiwa kando ya mto ni bora zaidi. Mito ya Simiyu na Duma inatokea upande wa Serengeti ikishuka magharibi hadi Ziwa Victoria, na vichaka vya kingo zake humpa tembo njia yenye kivuli, maji na maficho. Akitoka jioni, ikifika saa tano usiku yuko ndani kabisa ya kijiji na hakuna aliyemwona. Kule Lamadi, mji uliokaa kati ya hifadhi na ziwa, na kule Makao wilayani Meatu, watu hawahitaji kuelezwa hili.

Hakikisha pia shamba lako limejitenga. Ekari mbili zilizozungukwa na vichaka pande zote zina pande nne za kuingilia. Mashamba ya kaya ishirini yakiungana yakawa bonde moja, walio katikati hawana mpaka na pori, na wa pembeni wanaweza kulindwa kwa mstari mmoja. Lakini sisi hupenda kila mtu awe na kwake, mbali kidogo na mwenzake, na tembo anaufaidi sana upendeleo huo.

Kisha mazao, na hapa ndipo penye utamu wa jambo. Mahindi ni ya kwanza. Tembo huuzungushia mkonga mhindi, akaung'oa na mizizi, akakung'uta udongo kwenye mguu wa mbele, akatia kinywani bua, majani na mahindi kwa pamoja. Aliyewahi kulala dunguni anaijua sauti ile ya mabua yanayovunjika gizani, moja baada ya jingine, polepole, kama kwamba mvunjaji hana haraka na hana wa kumwogopa. Ongeza mtama, hasa ule wa muda mrefu unaosimama shambani hadi Juni. Ongeza maboga na matikiti katikati ya mistari. Ongeza viazi vitamu, ambavyo hufukuliwa kwa mguu na kuacha matuta yamelala kana kwamba hayakuwahi kuinuliwa. Pamba, ambayo Simiyu inaongoza kuilima nchini, haimvutii kama mahindi, ila akiwa njiani kuyaendea mahindi hupita juu yake, na asubuhi ada ya mtoto wa sekondari inakutwa imelala chini imekanyagwa.

Tarehe nazo zina kazi yake. Mvua zetu huanza Novemba, zikapumua kidogo Januari au Februari, zikarudi na kuisha Mei. Mwanzoni mwa mvua majani ya pori ni laini na yana lishe, tembo hana shida na mtu. Kuanzia Machi na Aprili majani yanakomaa, yanakuwa magumu, na wakati huo huo mahindi yetu yanajaa maziwa. Hapo ndipo madume, ambayo ndiyo huongoza uvamizi, hupiga hesabu zao na kuvuka. Kwa hiyo, ukitaka karamu idumu, usipatane na majirani kuhusu tarehe ya kupanda. Mmoja apande Novemba, mwingine Desemba, mwingine Januari. Mmoja atumie mbegu ya muda mfupi, mwingine ya muda mrefu. Kijiji kitakuwa na kitu cha kuiva kuanzia Machi hadi Julai, na dengu na choroko za mbugani zikifuatia, meza haitaondolewa.

Mahindi yakikauka, yaache shambani. Yaache wiki tatu, nne, ukisubiri yakauke zaidi au ukisubiri bei. Kila usiku yanaolala pale ni usiku wa mwaliko. Na ukishavuna, weka kila kitu ndani ya nyumba ya kulala: magunia ya mtama chini ya kitanda, michembe na matobolwa ya viazi vitamu kwenye kona, chumvi ya ng'ombe mlangoni. Tembo akinusa nafaka nyuma ya ukuta wa udongo, ukuta haumzuii. Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa ukuta ule una watoto upande wa pili. Kihenge kikae mbali na mahali watu wanapolala, mdomo wake uzibwe vizuri, na chumvi isilale wazi.

Kuhusu ulinzi, kila mtu alinde lake. Baba apande dunguni na kurunzi isiyo na betri za kutosha, mtoto wa darasa la tano apewe debe la kupiga, mbu wawashibe wote wawili, na asubuhi mtoto akasinzie darasani. Tembo hujifunza upesi. Debe la mtu mmoja atalikimbia leo, kesho atalisikiliza, keshokutwa atakula huku likipigwa. Sehemu kubwa ya mkoa huu ilikuwa ndani ya Shinyanga wakati sungusungu wanazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazee wetu walionyesha kwamba kijiji kikilinda kwa zamu na kila aliyesikia yowe akaitika, hata wezi wa ng'ombe wenye silaha hushindwa. Sioni kwa nini zamu ile ile isiwekwe kwa miezi minne ya mavuno.

Na kosa lililo kubwa kuliko yote: msogelee. Mrushie mawe, mchome mshale, mkimbize na kinga cha moto huku umelewa, mpige picha kwa simu kutoka hatua kumi. Tembo aliyejeruhiwa hasahau njia, na anayekutana naye kesho yake ni mama aliyekwenda kuteka maji lamboni bila habari yoyote ya yaliyotokea usiku. Kumuua nako ni kesi ya nyara za serikali, kesi ya uhujumu uchumi, na shamba litabaki bila mwenyewe kwa miaka mingi.

Anayetaka wageni wasije ana zana, na nyingi zinapatikana hapa hapa. Pilipili kichaa ndiyo rafiki wa kwanza. Isage, ichanganye na oili chafu, chovya vitambaa, vitundike kwenye kamba inayozunguka shamba. Au ikande pamoja na kinyesi kibichi cha tembo au ng'ombe, kausha kama tofali, uchome upande wa upepo jioni. Pua ile ile inayomleta ndiyo inayomrudisha. Shirika la Honeyguide hapa Tanzania limefundisha walinzi wa vijiji kwenda hatua kwa hatua: kwanza kurunzi yenye mwanga mkali, halafu honi, halafu kifurushi cha unga wa pilipili na mchanga kilichofungwa ndani ya kondomu pamoja na fataki, kinacholipuka na kutoa wingu la kuwasha. Wazee wakicheka, wacheke. Mahindi yakibaki yamesimama watauliza vifurushi hivyo vinapatikana wapi. Uzuri wa hatua hizi ni kwamba hutumii kubwa wakati ndogo inatosha, na tembo hapati nafasi ya kuzoea.

Nyuki nao. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tembo hukimbia hata sauti ya nyuki waliochokozwa. Baadaye mtafiti Lucy King na wenzake wakabuni uzio wa mizinga: mizinga hutundikwa kila baada ya mita kumi, ikaunganishwa kwa waya, na tembo akiusukuma waya mizinga inatikisika na wenyewe wanatoka. Mwenye shamba anapata asali juu yake. Uzio huu unahitaji maji karibu na watu wa kuutunza, kwa hiyo anzeni na upande mmoja, ule ambao njia ya tembo inaingilia.

Mpakani kabisa panda asichokipenda: pilipili, ufuta, vitunguu penye maji. Mahindi na viazi virudi ndani, karibu na makazi. Kubalianeni wiki moja ya kupanda na mbegu ya muda mfupi, vuneni pamoja, ondoeni shambani pamoja.

Likitokea limetokea, kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au kufiwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi tano, kiasi kikipanda kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka. Aliye ndani ya mita 500 hakupangiwa kitu. Naelewa sababu yake, serikali haikutaka kulipa watu walime ukingoni mwa pori. Lakini anayelima pale mara nyingi hana pengine, naye ndiye anayewapokea tembo wa kwanza na wa mwisho. Watalii wanaomtazama tembo huyu mchana wanaliletea taifa fedha za kigeni. Anayemlisha usiku ni mkulima wa Meatu. Kifuta jasho kinachochelewa hadi msimu mwingine wa njaa hakifuti kitu, na wanaoketi Dodoma wanapaswa kulitazama hilo kama deni, wala si kama hisani.

Hata hivyo, dai haki yako kama inavyotakiwa. Usiku ukipata taarifa, mpigie mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori, na kikosi cha Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) kilicho karibu. Namba zao ziandikwe ukutani sasa, wakati hakuna haraka. Asubuhi usilime wala usisafishe. Acha nyayo na mabua yaliyovunjika, piga picha, pimeni eneo mbele ya mashahidi, na taarifa iandikwe siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu wa vijiji vya mpakani, iteni mkutano wa kijiji mwezi Oktoba, kabla maksai hawajafungwa plau. Ajenda ziwe tatu tu: wiki ya kupanda, zao la mpakani, na zamu za dungu kuanzia Machi. Mwenyekiti akisahau, mkumbusheni.